Je, Wajua? Stima ya Shambani Chini ya Mlima Longonot

Je, wajua kwamba mvuke wa Bonde la Ufa ulikausha maua zaidi ya miaka 40 kabla ya visima vya mvuke vya Olkaria kuzalisha umeme?

Maua hayo si waridi, ni pareto. Ukipanda Longonot hadi kileleni, mita 2,776 juu ya usawa wa bahari, ukatazama ng'ambo ya Ziwa Naivasha upande wa kaskazini-magharibi, utaiona milima ya Eburru. Huko, mnamo 1939 hivi, mlowezi mmoja wa Kizungu alielekeza mvuke wa kisima kwenye kikaushio cha pareto. Zao hilo hupenda nyanda za juu penye baridi na ukungu, na ua lake likikawia kukauka huoza au hupungukiwa na pirethrini, ile sumu ya wadudu ambayo ndiyo hasa mnunuzi anailipia. Kwingineko pareto ilisubiri jua au ilikaushwa kwa kuni. Yeye alikuwa na moto wa bure chini ya miguu yake.

Wenyeji wa Eburru nao wana ufundi wao. Penye matundu yanayofuka mvuke huweka mabomba. Mvuke hupanda, hupoa, hugeuka matone, na matone hujaza tangi. Hayo ndiyo maji ya kunywa na ya kunyweshea mifugo mahali ambapo maji ya juu ya ardhi ni haba. Stima ilikuja nyuma sana: kituo kidogo cha Eburru cha KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme ya Kenya, cha megawati 2 na ushei, kilianza kazi 2012.

Nimetanguliza Eburru kwa makusudi. Tukitaja stima ya shambani, wengi hufikiria taa. Lakini shamba halina haja kubwa ya mwanga. Linataka maji yapande kilima, linataka joto, linataka baridi, na mara nyingine linataka mmea udanganywe kuhusu saa. Yote hayo yanafanyika hapa, kwenye kipande cha nchi unachoweza kukizunguka kwa gari kwa siku moja.

Je, wajua kwamba miradi mikongwe ya umwagiliaji ya Kenya iliundwa ifanye kazi bila stima?

Mradi wa Perkerra kule Marigat, Baringo, ulianza 1954, na ule wa Mwea ukafuata miaka hiyohiyo. Yote miwili ilichimbwa kwa jasho la wafungwa wa enzi ya hali ya hatari. Maji hukingwa mtoni yakashuka yenyewe kwa mfereji hadi shambani. Mteremko ndio pampu.

Naivasha mambo ni kinyume. Ziwa limekaa chini, shamba limekaa juu yake, kwa hiyo kila ndoo lazima iinuliwe. Ndipo pampu inapoingia, iwe ya dizeli au ya stima. Na kwa vile udongo wa hapa ni wa majivu ya volkano, usioshika maji kwa muda mrefu, mkulima hana nafasi ya kupumzika: akizima pampu siku kadhaa za jua kali, mmea humlaumu.

Stima yenyewe ilitoka wapi? Kwa muda mrefu ilitoka majini. Bwawa la Owen Falls kule Jinja lilizinduliwa 1954, na mwaka uliofuata Kenya ikakubaliana na Uganda kununua hadi megawati 30 kwa miaka 50. Nyaya kutoka Tororo zikakatiza Bonde la Ufa kuelekea Nairobi, zikipita juu ya vichwa vya wakulima wengi ambao hawakuwa na hata taa moja. Baadaye Mto Tana ukatiwa mabwawa: Kindaruma 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981.

Umeme wa mabwawa una kasoro moja ambayo mkulima huiona kabla ya mtu wa mjini. Ukame ukija, mtambo hukosa maji siku zilezile ambazo shamba hukosa maji. Pampu inahitajika kuliko wakati wowote, na stima nayo haipo. Wakenya wenye umri wanaukumbuka mwaka 2000, mgao wa umeme ulipokuwa habari ya kila siku kwa sababu mvua ilikuwa imekataa. Mvuke wa ardhini haujali mvua za masika wala za vuli, na kwa kilimo cha umwagiliaji hiyo ndiyo sifa yake kubwa. Nashangaa kwamba hutajwa mara chache, huku habari za "kawi safi" zikitajwa kila mkutano.

Swali la chemsha bongo: mtambo wa kwanza wa umeme wa jotoardhi barani Afrika ulikuwa wapi?

Ukijibu Olkaria, umekosa, ingawa kosa lako ni la wengi. Ulikuwa Kiabukwa, Katanga, kusini mwa Kongo, mwaka 1952. Ulikuwa mdogo, takribani kilowati 200, ukihudumia mgodi, na haukudumu. Miaka hiyohiyo ya 1950 visima viwili vya kwanza vilichimbwa Olkaria, kusini mwa Ziwa Naivasha, visilete mvuke wa maana. Kazi ikalala mpaka miaka ya 1970, iliporudiwa kwa msaada wa Umoja wa Mataifa. Mashine ya kwanza ya megawati 15 ikawashwa 1981, na kufikia 1985 zikawa tatu, jumla megawati 45. Leo uwezo wa jotoardhi nchini unakaribia megawati 950, nao huzalisha takribani asilimia 40 ya umeme wa Kenya. Visima vya siku hizi hufika kilomita 3 kwenda chini.

Longonot wenyewe je? Leseni ya kuutafuta mvuke wake ilitolewa 2009 kwa kampuni binafsi iliyopanga megawati 140. Mpaka sasa mlima haujatoa hata wati moja. Umekaa katikati ya nyaya kama mzee wa kijiji asiyelipa kodi: Olkaria upande mmoja, na kusini kituo kikubwa cha Suswa, ambako hufika laini ya umeme wa upepo kutoka Loiyangalani na ile ya kilomita elfu moja na zaidi kutoka Wolayta Sodo, Ethiopia, iliyoanza kuuza umeme Kenya 2022.

Je, wajua kwamba mmea wa ua unaweza kudanganywa kwa balbu?

Longonot iko karibu mno na ikweta, chini ya nyuzi moja kusini yake. Mchana ni saa 12, usiku ni saa 12, Januari hadi Desemba, tofauti ni dakika chache tu. Kwa mahindi hilo si neno. Lakini kuna maua yaliyotoka nchi za mbali na ikweta, ambako siku za kiangazi ni ndefu, na bado yana mazoea ya kwao. Haiperikamu, yale matunda mekundu madogo unayoyaona yamechomekwa katikati ya shada la waridi, haitoi maua vizuri mpaka ione siku ndefu. Jipsofila vivyo hivyo. Krizanthemamu ni kinyume: siku ndefu huifanya iendelee kuota majani na shina, siku fupi huiamuru ichanue.

Basi wakulima huwasha taa usiku juu ya matuta kwa saa kadhaa. Mmea haupati nguvu ya kukua kutokana na taa hizo. Mwanga wake ni hafifu mno kwa kazi hiyo. Unachopata ni habari, na habari yenyewe ni ya uongo: kwamba jua bado halijatua. Anayesafiri usiku kando ya ziwa akaona mashamba yanang'aa asidhani watu wanavuna. Ni mimea inayoambiwa ni Juni huko Ulaya. Zamani zilikuwa balbu za kawaida zinazokula stima kwa ulafi. Taa za LED zimepunguza bili hiyo sana, na hapa ni mahali pamoja ambapo matumizi ya stima shambani yameshuka bila mavuno kushuka.

Sasa tufike kwenye joto, ambako Naivasha ina jambo la kuionyesha dunia.

Je, wajua kwamba waridi la Naivasha hupashwa moto alfajiri, katika nchi ya joto?

Mgeni hucheka akisikia. Lakini ziwa liko karibu mita 1,890 juu ya bahari, na usiku baridi hushuka. Kabla ya jua kuchomoza hewa ndani ya grinihausi hujaa unyevu, umande hukaa juu ya petali na majani, na kuvu hupata sherehe: ukungu wa unga, botritisi na jamaa zao. Ua lililoguswa na botritisi huenda lisionyeshe chochote siku ya kufungwa kwenye sanduku, kisha likafika sokoni Uholanzi lina madoa ya kahawia. Dawa za kuvu ni ghali na wanunuzi wanazichunguza.

Shamba la Oserian, kwenye ufuo wa kusini wa ziwa, lilianza na mboga mwaka 1969, likaingia kwenye maua mwanzoni mwa miaka ya 1980. Majirani zake ni visima vya Olkaria. Vingine kati ya visima hivyo vilikuwa na mvuke usiotosha kituo kikubwa, au vilikuwa mbali na mitambo, na shamba likakodi kutoka KenGen. Kuanzia 2003 joto la kisima lilianza kupasha maji safi, na maji hayo yakapitishwa kwenye mabomba ndani ya grinihausi, zilizofikia hekta 50 hivi za waridi. Joto huja saa za alfajiri, unyevu hupungua, kuvu hukosa makao. Mwaka uliofuata shamba likapata mtambo wake mdogo wa umeme wa mvuke, wa megawati karibu 2, kwa pampu na vyumba vya baridi.

Kuna nyongeza ambayo mimi naipenda kuliko yote. Mvuke wa chini hupanda na gesi, na sehemu kubwa ya gesi hiyo ni kaboni dioksidi, ileile ambayo jani huivuta ili litengeneze chakula. Kituo cha umeme huiona taka. Oserian waliiingiza ndani ya grinihausi, mimea ikaila. Kwa hiyo kisima kimoja kinatoa joto, umeme na chakula cha majani, na kati ya vitatu hivyo umeme si lazima uwe ndio wenye thamani kubwa. Ukigeuza mvuke kuwa umeme unapoteza sehemu kubwa ya joto lake njiani. Ukilitumia joto kama joto, hupotezi sana. Waislandi walilijua hilo tangu miaka ya 1920 walipoanza kupashia mboga joto kwa maji ya ardhini, na si ajabu kwamba wataalamu wengi wa jotoardhi wa Kenya walikwenda kusomea huko.

Mwaka 2007 mtafiti Adrian Williams wa Chuo Kikuu cha Cranfield, Uingereza, alilinganisha waridi 12,000 za Kenya na nyingine 12,000 za Uholanzi. Za Kenya, pamoja na safari ya ndege, zilitoa kilo 6,000 hivi za kaboni dioksidi. Za Uholanzi, zilizopashwa joto na kumulikwa, zilitoa 35,000. Hesabu hiyo imenukuliwa mno na wauza maua, nami naongeza tahadhari: shamba la Kenya lililopimwa lilikuwa na bahati ya mvuke, na aliyeagiza utafiti alikuwa mfanyabiashara wa maua. Shamba linaloendesha jenereta ya dizeli kila stima inapopotea lina hesabu nyingine.

Baridi nitaipitia upesi. Waridi likikatwa huingia chumba cha baridi, nyuzi 2 hadi 4, kisha lori la baridi, kisha ghala la baridi uwanja wa ndege. Saa chache za kukatika kwa stima bila jenereta huondoa siku kadhaa kwenye maisha ya ua mezani kwa mnunuzi. Kwa maziwa hasara ni ya papo hapo. KCC, chama cha wakulima wa maziwa, kilianzia hapahapa Naivasha mwaka 1925, na kwa miongo mingi kilichowafaa wakulima wa mbali kilikuwa krimu na siagi, kwa sababu maziwa mabichi hayangoji mtu. Mpaka leo mfugaji wa Kinangop asiye karibu na tangi la kupozea huuza maziwa ya asubuhi tu. Ya jioni huyanywa, huwapa majirani au huyagandisha. Ng'ombe hukamuliwa mara mbili, mshahara huja mara moja. Tangi moja la ushirika lenye stima ya uhakika lina maana kubwa kwake kuliko taa tatu za sebuleni.

Je, wajua kwamba huwezi kujua kwa urahisi kilimo cha Kenya kinatumia umeme kiasi gani?

Fungua taarifa ya kila mwaka ya Shirika la Takwimu la Kenya kuhusu uchumi. Mauzo ya umeme hugawanywa: majumbani na biashara ndogo, biashara kubwa na viwanda, taa za barabarani, umeme wa vijijini. Safu ya kilimo haipo. Shamba la maua la hekta 100 limekaa kundi moja na kiwanda cha saruji; pampu ya mkulima mdogo wa Maai Mahiu imekaa kundi moja na friji ya jirani yake. India huandika kilimo peke yake, ndiyo maana tunajua kwamba takribani sehemu moja kati ya sita ya umeme wake huenda mashambani, nyingi ikivuta maji ya visima. Hapa kwetu, mtu akikupa asilimia ya kilimo, muulize ameitoa mita gani.

Je, wajua kwamba kuna usiku Olkaria hupuliza mvuke hewani bila kuzalisha kitu?

Kisima cha mvuke hakifungwi na kufunguliwa ovyo, kwa hiyo hutiririka usiku na mchana. Wakenya nao huzima taa wakalala. Matumizi hupanda kati ya saa moja na saa tatu usiku, kisha huporomoka mpaka alfajiri, na sehemu ya mvuke hukosa kazi. Desemba 2017 serikali ilianza mpango wa nusu bei usiku, kuanzia saa nne hadi saa kumi na mbili asubuhi, kwa wateja wakubwa wa biashara na viwanda watakaotumia zaidi ya kiwango chao cha kawaida. Shamba kubwa lenye bwawa lake la kuhifadhia maji laweza kufaidi: pampu hujaza bwawa usiku, matone hushuka mchana. Mkulima mdogo mwenye robo ekari ya nyanya hakuwemo kwenye orodha. Kwa maoni yangu hilo ni kosa la mipango, kwani maji ndicho kitu kimoja ambacho hata maskini anaweza kukihifadhi. Betri ni ghali. Tangi la plastiki liko kila kijiji.

Na hili je? Umeme shambani si lazima uendeshe mashine. Msitu wa Eburru, makao ya swala aitwaye bongo wa milimani, ulizungushiwa ua wa umeme wa kilomita 43 hivi, uliokamilika 2014 kwa juhudi za shirika la Rhino Ark pamoja na idara za wanyamapori na misitu. Kila sekunde moja hivi mpigo wa volti elfu kadhaa hupita wayani. Ni mfupi mno hata hauui. Humfundisha mnyama adabu. Ulipopita ua, nyati hali viazi, na mkulima halali shambani na tochi.

Kuna pia umeme unaotoka shambani badala ya kuingia. Gorge Farm, shamba la mboga la Vegpro karibu na ziwa, lilipata mtambo wa biogesi wa megawati 2 na zaidi unaolishwa mabaki ya mahindi machanga na mboga. Matope yanayobaki hurudi shambani kuwa mbolea.

Mbolea nayo ina hadithi. Nitrojeni ya dukani ilitengenezwa kwa umeme tangu 1905 huko Notodden, Norwe, kwa kupitisha cheche kubwa hewani, kabla ya njia ya gesi na makaa kuishinda kwa bei. Sasa wazo limerudi kwa sura mpya. Katika shamba la Morendat la kampuni ya Kenya Nut, Naivasha, mtambo mdogo unaotumia sola umeundwa kutoa amonia, kadiri ya tani moja kwa siku, kutokana na maji na hewa. Aliyenunua mbolea mwaka 2022, bei zilipopaa baada ya vita vya Ukraine kuanza, hahitaji kuelezwa kwa nini.

La mwisho ni la mkulima wa mahindi. Je, wajua kwamba kule Menengai, juu ya jiji la Nakuru, kampuni ya serikali ya GDC imekuwa ikionyesha kwa miaka kadhaa jinsi maji moto ya visima yanavyoweza kupasha grinihausi, kufuga samaki, kuchemsha maziwa yawe salama na kukausha nafaka? Mahindi hayafai kuwekwa ghalani mpaka unyevu ushuke hadi asilimia 13.5. Yakiwekwa mabichi huota kuvu inayotoa aflatoksini, sumu iliyoua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004. Kikaushio cha mvuke hakihitaji dizeli, wala hakisubiri jua la Novemba ambalo mara nyingi halitoki. Kile cha Eburru cha 1939 kilikuwa cha mtu mmoja. Cha Menengai ni mali ya umma, na vyama vya ushirika vya Bahati, Subukia na Rongai viko karibu nacho. Viongozi wa vyama hivyo waende wakakione kabla msimu wa mavuno haujaanza, na waulize bei ya kukausha gunia moja.